Dai la asilimia 30 lililozikwa pamoja na mgomo

Jumatatu ya tarehe 30 Julai 2012 walimu wa shule za umma walianza mgomo ulioitishwa na Chama cha Walimu Tanzania, CWT, chini ya rais wake wa wakati huo, Gratian Mukoba. Madai yalikuwa yanajulikana: mshahara uongezwe kwa asilimia 100, walimu wa sayansi walipwe posho ya kufundishia ya asilimia 55 na wa sanaa asilimia 50, na wanaofundisha katika mazingira magumu waongezewe asilimia 30. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, tarehe 2 Agosti, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikatamka kwamba mgomo ni batili. Walimu wakarudi kazini, na madai yote yakaingia kapuni kwa pamoja, likiwemo lile la mwisho ambalo hata mgomo ulipopamba moto halikutajwa sana. Asilimia 100 ilikuwa imefunika kila kitu. Nasema hilo la mwisho ndilo lililopaswa kutangulia, maana ndilo pekee lililogusa tofauti iliyopo kati ya shule moja ya umma na nyingine. Nyongeza za mishahara zimekuja na kupita tangu wakati huo, na tofauti hiyo haijatikisika.

Turejee kidogo hali ya mwaka ule. Serikali ilikuwa imetoka kuvutana na madaktari waliogoma, mvutano uliofika pabaya mwishoni mwa Juni pale kiongozi wao, Dk Steven Ulimboka, alipotekwa na kukutwa Mabwepande akiwa ameumizwa vibaya. Haikuwa na hamu ya mgomo mwingine. Rais Jakaya Kikwete, katika hotuba yake ya mwisho wa mwezi, alieleza kwamba serikali haina uwezo wa kulipa walichokidai walimu, na kwa hesabu alikuwa na hoja: walimu ndio kundi kubwa kuliko yote katika utumishi wa umma, na kuwalipa mara mbili kwa mkupuo ni jambo ambalo hazina yoyote ingelikimbia. Katika baadhi ya miji wanafunzi waliingia barabarani kudai walimu wao. Kisha, Februari 2013, yakatoka matokeo ya kidato cha nne ambayo wengi hawajayasahau: takribani asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, serikali ikaunda tume, na Mei matokeo yakafutwa na madaraja kupangwa upya. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema sifuri hizo zilizaliwa na mgomo wa siku chache. Ila shule kumi zilizoongoza mwaka huo zilikuwa za binafsi na za mashirika ya dini, na mzigo wa sifuri ukaangukia zaidi shule za kata, ambako chaki ilishikwa na walimu wachache, baadhi yao wale waliofunzwa harakaharaka hadi mitaani wakabatizwa walimu wa vodafasta.

Chanzo cha tofauti hii kimo ndani ya kitu ambacho kwa macho kinaonekana kuwa haki tupu. Mwalimu mwenye stashahada yuko ngazi ya mshahara ya TGTS C, mwenye shahada TGTS D, awe amepangwa Kinondoni, Arusha mjini, Qurus au Kakesio. Ngazi ni moja na shilingi ni ile ile. Tofauti inaanza mshahara unapoingia, kwa sababu shilingi ile ile inamnunulia kila mmoja maisha yake. Ruzuku ya elimu bila malipo nayo ilifuata mkondo huo huo: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari, pasipo kuangalia kama katoni ya chaki imenunuliwa dukani mkabala na shule au imesafirishwa juu ya lori la mahindi. Tumezoea kuita mpango wa namna hii usawa, na kwa kuwa tumeuzoea, hatuulizi kwa nini matokeo yake yanafanana mwaka hadi mwaka.

Chukua kata ya Qurus, wilayani Karatu. Ni kijijini, ila iko jirani na mji. Mwalimu aliyepangwa huko anaweza kupanga chumba Karatu mjini, akaja kazini asubuhi kwa bodaboda na jioni akarudi penye umeme, duka la dawa na wakala wa benki. Akiwa mchapakazi anakodi ekari mbili, anapanda mahindi na mbaazi, au ngwara, na msimu ukienda vizuri shamba linamlipia ada ya mtoto. Shuka sasa bonde la Eyasi, upande wa Baray na Mang'ola. Joto na vumbi vinaongezeka, na darasa la kwanza linapokea watoto wa Kidatoga na wa Kihadzabe ambao Kiswahili wanakutana nacho kwa mara ya kwanza kinywani mwa mwalimu. Au panda upande wa pili hadi lango la Loduare, mahali lami inapokoma, uingie Tarafa ya Ngorongoro: Olbalbal, Nainokanoka, Endulen, hadi Kakesio. Huko kilimo kimepigwa marufuku kwa sababu ni hifadhi, kwa hiyo mwalimu hana hata tuta la mchicha. Unga anaokula umepanda kutoka Karatu na bei yake imepanda nao. Nyumba ya mwalimu haijengwi mpaka Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro itoe kibali. Akiwa na shida ya makato au ya kupandishwa daraja, makao makuu ya halmashauri yake yako Loliondo, ncha ya pili ya wilaya, na safari ya kwenda na kurudi inakula siku za kufundisha.

Mwalimu huyo akipata mwanya wa kuondoka ataondoka, na mimi simlaumu. Anafanya kile ambacho mhasibu, nesi na afisa kilimo nao wangefanya. Njia za kuondokea anazijua kila mtumishi: uhamisho wa kubadilishana ukimpata wa kubadilishana naye, barua ya daktari, kwenda kusoma, na ile kongwe kuliko zote, kumfuata mwenza. Hii ya mwisho ni haki halali ya familia, na wengi wanaoitumia ni walimu wa kike waliopelekwa mahali pasipo na nyumba ya kuishi yenye mlango unaofungika. Kinachosikitisha ni kwamba mwendo wote una upande mmoja. Barua zinazotoka Kakesio kwenda Karatu, na zinazotoka Karatu kwenda Arusha, ni nyingi. Zinazokwenda kinyume chake huwa ni za adhabu, na kila mwalimu anajua mwenzake akihamishiwa bondeni watu watauliza amekosa nini. Taifa linaloutumia ufundishaji wa pembezoni kama adhabu limeshajibu lenyewe swali la thamani ya mtoto wa huko.

Hebu tuone jambo hili likiwa ndani ya darasa. Shule ya msingi ina darasa la awali na madarasa saba, jumla manane. Ikiwa na walimu wanne, kila kengele inapogonga kuna madarasa manne yasiyo na mtu. Mwalimu anaingia la tatu, anaandika hesabu kumi ubaoni, anamwachia kiranja chaki ya kuandika majina ya wapiga kelele, halafu anavuka kwenda la nne kufundisha Kiswahili. Akirudi, waliojua wamemaliza zamani na wanachora, wasiojua wamenakili maswali bila majibu, na muda wa kusahihisha umekwisha. Mwalimu mkuu, ambaye naye ni mmoja wa wale wanne, leo ameitwa kwenye kikao cha kata. Kwa hiyo madarasa yasiyo na mtu yamekuwa matano. Hapo hakuna aliyetoroka kazi wala aliyegoma. Ratiba ya vipindi ipo, imebandikwa ukutani, na mthibiti ubora akija ataikuta imejazwa vizuri. Mgomo wa 2012 ulidumu siku chache na ukafikishwa mahakamani kwa hati ya dharura. Hali hii inadumu mwaka mzima na hakuna jaji aliyewahi kuombwa aitamke kuwa batili.

Serikali haijakaa bure, na ni vyema kusema hivyo. Kupitia mpango wa lipa kulingana na matokeo, ulioanza mwaka wa fedha 2014/15, halmashauri zilipewa motisha ya kusawazisha ikama ili shule moja isiwe na walimu wa kumwaga na jirani yake wakiwa wawili. Mwaka 2017 walimu wa sanaa waliozidi sekondari walishushwa shule za msingi. Maofisa elimu wamekuwa wakifanya msawazo kila baada ya muda, wakitoa walimu hapa na kuwapeleka kule. Kasoro ni kwamba msawazo ni amri, na amri inasukuma mtu kwenda mahali bila kugusa kinachomvuta kurudi. Unampeleka mwalimu Januari, inapofika mwaka wa pili ameshapata mwenza wa kumfuata. Hapo ndipo halmashauri inaanza upya kuhesabu upungufu ule ule, na takwimu za ikama zinarudi kama hazikuwahi kuguswa.

Nyongeza za jumla hazisaidii katika hili, japokuwa ni halali na walimu walizihitaji. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kwa asilimia 23.3. Mei Mosi 2025 ikatangazwa nyongeza nyingine ya asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ni habari njema kwa mtumishi, lakini ukimwongezea wa mjini na wa pembezoni kwa kipimo kimoja, umbali kati yao unabaki vilevile. Sababu ya kuondoka Kakesio haijapungua hata kwa senti. Cha kushangaza, serikali inaijua vizuri kanuni ya kumlipa zaidi mwenye mzigo zaidi, kwa sababu imeshaitumia. Walimu wakuu wa shule za msingi waliwekewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, wakuu wa sekondari na waratibu elimu kata 250,000. Hakuna aliyesimama kudai kwamba posho hiyo inawabagua walimu wa kawaida. Watu walielewa kwamba kazi ile ni nzito zaidi. Kwa nini basi mwalimu anayefundisha kusoma na kuandika kwa watoto wasiojua Kiswahili, peke yake kwenye madarasa mawili, mahali pasipo na nyumba, aonekane kazi yake ni sawa na ya aliyeko kando ya lami?

Pingamizi la kwanza huletwa na walimu wa mjini, na lina uzito wake. Wanasema Dar es Salaam au Arusha nako ni mazingira magumu: kodi ya chumba inalipwa miezi sita kwa mpigo, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, watoto zaidi ya 100 katika darasa moja. Yote ni kweli, na darasa la watoto 100 ni janga linalohitaji tiba yake, yaani madarasa na walimu zaidi. Ila tuangalie watu wanavyotembea, kwa sababu miguu ya watu haidanganyi. Kama mji ungekuwa mgumu kuliko pembezoni, maombi ya uhamisho yangemiminika kutoka Ilala kwenda Ngorongoro. Mji una ugumu wake, lakini unakuja na masomo ya jioni ya chuo, hospitali, mwenza mwenye ajira, tuisheni, genge dogo la mke au la mume, na shule nzuri ya mtoto wa mwalimu mwenyewe. Mwalimu wa pembezoni ana ugumu wake bila fidia hizo.

Pingamizi la pili ni la wachumi: je, posho za namna hii zinafanya kazi? Ushahidi wa Afrika ni mchanganyiko na sitaki kuupamba. Gambia ilianza mwaka 2006 kuwalipa walimu wa shule za mbali, zile zilizo zaidi ya kilomita 3 kutoka barabara kuu, nyongeza ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara wa msingi. Walimu wakaanza kuomba wenyewe kupelekwa huko, na uwiano wa walimu wenye sifa katika shule hizo ukapanda. Zambia nayo ina posho ya vijijini, na watafiti walioifuatilia hawakuona alama za wanafunzi zikipanda kwa sababu yake. Kenya ina posho ya mazingira magumu kwa maeneo yaliyoorodheshwa, lakini mashambulizi ya Al-Shabaab yalipozidi kaskazini mashariki mwaka 2014 na 2015, walimu wasio wenyeji waliondoka, posho au la. Ukiweka mambo haya pamoja unapata jibu la wastani: fedha inaweza kumfikisha mwalimu shuleni, lakini haimfundishii somo, haimjengei nyumba wala haimlindi. Kwangu hilo linatosha kuwa mwanzo. Shule yenye walimu wanne kwa madarasa manane haina haja ya kwanza ya mbinu mpya za ufundishaji. Inahitaji mtu wa tano na wa sita, wakae miaka mitano bila kuhama.

Kwa sababu hiyo posho yenyewe lazima ifungwe kwenye kituo, isifungwe kwenye jina la mtu. Mwalimu analipwa posho hiyo akiwa yupo, akihama inabaki shuleni ikimsubiri mrithi wake. Ningependa iwe kiasi cha shilingi kinachojulikana badala ya asilimia, kwa kuwa asilimia 30 ya mshahara wa mwalimu mpya ni ndogo, na hao wapya ndio wanaopangwa mbali. Na iambatane na ahadi ya maandishi kwamba akimaliza miaka kadhaa atapewa kipaumbele cha kuhamia anakotaka. Walimu wengi hawaogopi kwenda mbali kwa muda. Wanaogopa kusahaulika huko.

Kigumu zaidi ni kuamua nani anastahili. Ukitangaza posho ya mazingira magumu, kesho yake kila mbunge atagundua kwamba jimbo lake lote ni mazingira magumu. Kenya wameshayaona hayo, na ubishi wa maeneo gani yabaki katika orodha umekuwa mrefu. Dawa yake ni kuacha kuorodhesha wilaya na kuanza kuorodhesha shule, kwa vigezo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvikagua: kilomita kutoka barabara inayopitika masika, kilomita hadi kituo cha afya, kama kuna maji, umeme na mtandao wa simu, kama kuna nyumba ya mwalimu. Kwa vigezo hivyo Karatu yenyewe itagawanyika. Shule nyingi za Karatu mjini na za Qurus hazitapata kitu, au zitapata kidogo, na za bondeni zitapata zaidi. Kama mtu wa Qurus atanung'unika, ajue kwamba huo ndio uaminifu wa mpango. Posho inayogawiwa wilaya nzima ingemlipa hata mwalimu anayelala mtaa mmoja na ofisi ya mkurugenzi.

Vigezo vya wazi vina faida nyingine, na hapa Ngorongoro ina funzo. Mwaka 2022, wakati kaya za Tarafa ya Ngorongoro zilipokuwa zikihamasishwa kuhamia Msomera, wilayani Handeni, fedha za mpango wa UVIKO-19 zilizokuwa zimepangiwa shule za tarafa hiyo zilielekezwa Halmashauri ya Handeni, mkoani Tanga. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu hifadhi na makazi, na mjadala huo ni mrefu. Lakini watoto ambao wazazi wao hawakuhama walikuwa bado wapo, bado ni wanafunzi wa shule za umma za Jamhuri ya Muungano, na mvua ilikuwa bado inawanyeshea. Fedha ya elimu inayotolewa kwa busara ya ofisi inaweza kuondolewa kwa barua ya ofisi. Posho iliyowekwa katika kanuni za utumishi, kwa kipimo cha kilomita na maji, ni ngumu zaidi kuigeuza kuwa fimbo.

Gharama? Tufanye hesabu ya mfano. Halmashauri ina walimu kumi wenye mshahara sawa, wawili kati yao wako kwenye shule zinazotimiza vigezo. Waongezee hao wawili asilimia 30, na fungu la mishahara litapanda kwa asilimia 6. Dai la mwaka 2012 la kuwapa wote asilimia 100 lingelipandisha mara mbili, kabla hujaongeza posho za kufundishia. Hapo ndipo CWT ilipokosea hesabu yake ya kisiasa. Iliweka dai lisilolipika juu na linalolipika chini, serikali ikajibu lile la juu, na la chini likapita bila kujibiwa. Mpaka leo hakuna mtu serikalini aliyelazimika kusimama hadharani na kueleza kwa nini mwalimu wa Kakesio hastahili nyongeza.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, kulikuwa na mgomo mwingine wa kulinganisha nao. Tarehe 10 Septemba 2012, wiki sita baada ya wa kwetu, walimu wa Chicago waligoma wakiongozwa na Karen Lewis, dhidi ya Meya Rahm Emanuel. Nao walidai mishahara, lakini waliweka mbele vitu ambavyo mzazi anaviona: idadi ya watoto darasani, vitabu kufika kwa wakati, wauguzi na washauri katika shule za mitaa ya watu maskini. Meya alikimbilia mahakamani kama serikali yetu, ila jaji hakutoa zuio papo hapo, na baada ya siku saba za masomo walimu wakamaliza mgomo kwa uamuzi wao wenyewe, wazazi wengi wakiwa upande wao. Haukuwa ushindi wa moja kwa moja. Mwaka uliofuata jiji lilifunga shule karibu 50, nyingi katika mitaa ya Wamarekani weusi. Lakini hoja iliishi, na mgomo wa 2019, uliochukua siku 11 za masomo, ulizaa mkataba unaotaka kila shule iwe na muuguzi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mzazi wa Baray au wa Endulen hakupewa mwaka 2012 sababu kama hiyo ya kusimama na mwalimu. Alichosikia redioni ni kwamba walimu wanataka mshahara mara mbili.

Wapo wanaosema ualimu ni wito na kwamba mwenye wito haangalii posho. Husemwa zaidi na watu ambao watoto wao wako shule za kulipia. Wengine wanaleta mifano ya waliofaulu licha ya yote, na Karatu tunao wa kujivunia: Dk Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, alitwaa mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa kichujio chake cha maji. Huwezi kujenga sera juu ya mtu wa aina hiyo. Anayepita kwenye tundu la sindano anatuonyesha kipaji chake. Kuhusu waliobanwa upande huu wa tundu hatuambii kitu, na hao ndio wengi ambao shule ya umma iliundwa kwa ajili yao.

Dai hili halihitaji mgomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaacha mlango wa majadiliano na usuluhishi, na CWT ina viti kwenye meza hizo. Ina pia fedha: asilimia 2 ya mshahara wa kila mwanachama, na mwalimu wa Kakesio anakatwa asilimia 2 ile ile kama wa Mikocheni. Chama kilichoweza kushiriki kuanzisha benki kinaweza kugharimia orodha ya shule, moja baada ya nyingine, yenye kilomita zake na visima vyake, na kuipeleka TAMISEMI na bungeni ikiwa imekamilika. Dai lenye majina ya shule ni gumu kulitupa kapuni kuliko dai lenye asilimia tupu.

Na muda si mwingi. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, darasa la sita la kwanza na darasa la saba la mwisho watahitimu pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Walimu watahitajika kwa wingi, shule za msingi zitakuwa na hatari ya kupokonywa wenye shahada kwenda kuziba pengo la sekondari, na pembezoni ndiko kutakakotikiswa kwanza kwa sababu ndiko kwenye watu wachache wa kupokonywa. Bajeti itakayosomwa Juni 2027 ndiyo ya mwisho kabla ya mwezi huo wa Januari. Posho isipoingizwa humo, barua za kupangiwa vituo zitatoka kama zilivyozoea kutoka, na maombi ya uhamisho yataanza kuandikwa muhula wa kwanza haujafungwa.